Mama Mmoja Anangojea Bwana Yake

Sawa, nitaandika. Tangu nirudi, pale atelieni hamjaniacha nichomelee hata bomba moja kwa utulivu. Kalenga, ilikuwaje? Kalenga, wanasema ulimpoteza nkambo yako siku ya Noeli, ni kweli? Ni kweli. Naandika yote mara moja, maana kila nikisimulia kwa mdomo najikuta nimeruka mahali fulani, na hapo ninaporuka ndipo penye aibu yangu.

Likasi mpaka Mulungwishi

Kwa wale wasiomjua, Nkambo Mujinga ni mama yake baba yangu. Umri wake umepita themanini, na anaishi kwetu, chumba cha nyuma. Kwao wamebaki wawili tu: yeye na dada yake mkubwa, Yaya Ngoie, anayeishi Kakanda kwa mtoto wake, Tonton Banza. Tangu mvua za kwanza Yaya Ngoie hatoki kitandani. Tonton Banza alipiga simu akasema, kama tunataka waonane, tusingoje Pasaka. Nkambo hakulia. Alifunga nguo zake katika kitenge, akakaa mlangoni, akawa ananiangalia.

Mimi nilikuwa na mpango wangu. Tarehe ishirini na nne asubuhi tunaondoka, mchana tunafika, namkabidhi kwa watu wake, jioni nimerudi. Siku ya Noeli nilitakiwa kwa wakwe zangu. Mbuzi alishanunuliwa, na mchomaji ni mimi. Kutoka Likasi hadi Kakanda si mbali. Mtu mwenye motoka nzuri anakwenda na kurudi jua likiwa bado liko juu. Nilisahau kwamba ni mwezi wa Desemba, na nilisahau ninasafiri na nani.

Barabara ya moja kwa moja, ile ya Kambove, mvua ilikuwa imeikata. Pikipiki zilipita, motoka hazikupita. Kwa hiyo tulizunguka kwa Mulungwishi katika Toyota moja ya zamani, abiria watano na dereva mwenye haraka. Hatujatoka mjini, Nkambo akamgusa dereva begani.

"Papa, simamisha kidogo. Ninataka kuenda pa inje."

Nilishuka naye. Alishika shingo yangu, nikafungua kitenge kumkinga watu wasimwone, nikangoja. Tulipanda. Baada ya vilima viwili, tena. Kabla ya Mulungwishi, mara ya tatu.

"Papa, kama ni vile," dereva akaniambia, "tutafika na Bonne Année, mwaka mupya."

Motoka nzima ikacheka. Mimi masikio yalikuwa yanawaka.

Na kuna kingine kilichonichoma zaidi. Mnajua mimi nimepewa jina la babu, Kalenga, mume wake Nkambo, aliyekufa kabla sijazaliwa. Kwetu, mjukuu mwenye jina la babu ndiye mume wa nkambo yake. Tangu nikiwa nabebwa mgongoni ananiita bwana yangu, na nyumbani hakuna anayeshangaa. Lakini ndani ya motoka, mbele ya watu nisiowajua, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, ilikuwa: bwana yangu, unikamate mukono, bwana yangu, unipe mayi kidogo.

Msichana mmoja aliyekaa nyuma alishindwa kujizuia. "Nkambo, bwana yako iko mudogo sana!"

"Njo vile," Nkambo akamjibu. "Nilimungojea akomee, akuwe mukubwa."

Wote wakapiga makofi. Mimi niliangalia dirishani mpaka Mulungwishi.

Barieri ya mvua

Baada ya Mulungwishi barabara ni udongo. Kilomita chache mbele tulikuta bomba la chuma limelazwa katikati ya njia, lina kufuli, na mlinzi amekaa kwenye kiti cha plastiki. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na mvua ikinyesha motoka hazipiti mpaka udongo ukauke, zisije zikaipasua barabara. Malori yalikuwa yamepanga mstari. Nilimuuliza mlinzi atafungua saa ngapi.

"Muulize jua," akasema.

Tulikaa. Mama mmoja alikuwa anauza ugali wa bukari na sombe ya majani ya muhogo na samaki thomson, na munkoyo ya kunywa kwenye bidoni la njano. Nilikula upesi upesi, kana kwamba nikimaliza sahani bomba litafunguka. Nkambo alitoa mifupa ya samaki mmoja mmoja, akaipanga ukingoni mwa sahani. Kisha akainuka na nusu ya samaki wake, akampelekea mlinzi.

"Kula, papa. Muko munachoka sana."

Nilielewa mbinu yake, nikapata matumaini. Mlinzi alikula samaki wote, akalamba vidole, akamshukuru sana, na bomba likabaki palepale. Alasiri mvua ikarudi. Usiku wenyewe sitausimulia. Tulilala tumekaa ndani ya motoka, na mbu walikuwa wengi.

Asubuhi ilikuwa Noeli. Ujumbe wa mwisho wa mke wangu, kabla rezo ya simu haijakatika, ulisema: mbuzi anakungojea. Nilikuwa nimelala vibaya, shingo imekakamaa, nguo zinanuka moshi na jasho la watu. Na Nkambo alikuwa amesimama karibu na bomba, mbele ya madereva wote, ananiita kwa sauti.

"Bwana yangu, tunaenda saa ngapi? Bwana yangu, Yaya angali anapumua?"

Madereva walianza kucheka. Mmoja akaita, "Bwana, bibi anakuita!"

Hapa ndipo ninaporuka siku zote. Leo siruki. Nilimwendea, nikapiga kelele.

"Minye siko bwana yako! Bwana yako alikufa zamani! Niko mutoto ya mutoto yako, basi! Na ni juu ya weye tuko hapa. Tangu Likasi unatusimamisha, unatusimamisha!"

Ilikuwa uongo pia. Mlinzi mwenyewe alishatuambia kwamba bomba lilifungwa tangu usiku wa kuamkia safari yetu. Hata tungeruka kama ndege tungelikuta limefungwa.

Kicheko kilikatika. Nkambo alirekebisha kitambaa chake cha kichwa, taratibu, kwa mikono miwili.

"Sawa," akasema. "Unisamehe, papa."

Papa. Vile anavyomwita dereva, vile alivyomwita mlinzi.

Kwa pikipiki

Pikipiki barieri haizihusu, zinapita pembeni. Niliona mbili, nikazisimamisha. Nkambo nilimpandisha kwenye ile iliyoendeshwa na motar mwenye kofia nyekundu, nikamfunga kwa kitenge ili asianguke. Mimi na mizigo tulipanda ya nyuma. Mbele kuna njia panda, kushoto Kakanda, kulia Kambove. Nilimwambia motar wa kofia nyekundu atungojee hapo.

Pikipiki ilipoondoka nilimwona Nkambo anajaribu kugeuza kichwa anitazame, lakini kitenge kilimbana.

Hatujaenda mbali, mnyororo wa pikipiki yangu ukakatika katikati ya matope. Mimi ni mchomeleaji, vyuma nimevizoea, lakini bila chombo chochote nilikuwa sina maana kabisa. Tuliunganisha kwa waya tuliouokota, ukakatika. Tukaunganisha tena, ukashika. Saa nzima ilipotea hapo. Wakati napangusa mikono nikaona mfuko wangu mdogo unaning'inia shingoni, nikakumbuka: dawa zake za tension, za shinikizo la damu, zimo humu. Anakunywa kila siku kabla ya saa sita. Mimi ndiye ninayezitunza, kwa sababu yeye husahau. Saa nne ilikuwa imeshapita.

Njia panda

Pale njia panda kuna kanisa dogo la matofali, na siku hiyo lilijaa mpaka nje. Ngoma zilikuwa zinapigwa, watu wanaimba Noeli. Motar wa kofia nyekundu hakuwepo. Nkambo hakuwepo.

Chini ya bati mbele ya kanisa alikaa mama mwenye beseni la uyoga mkubwa, ule mweupe wa msimu wa mvua. Jina lake, nililijua baadaye, ni Mama Chola.

"Yambo, mama. Hamukuona pikipiki, motar iko na kofia nyekundu?"

"Ile? Alipita. Alishika njia ya Kambove."

"Alibeba muntu?"

"Alibeba."

Kambove! Amempeleka Kambove kufanya nini? Nikauliza tena, ili nisikosee.

"Na hapa hamukuona mumama muzee? Mujane, iko na kitenge ya kijani?"

Mama Chola alifikiri. "Ya kijani, apana. Mujane, apana pia. Kuko mumama mumoja tu mule mu kanisa, muzee, anangojea bwana yake."

"Wangu hana bwana," nikasema. "Bwana yake alikufa."

"Basi haiko yeye."

Hata sikuingia kuchungulia. Nilikuwa na matope mpaka kiunoni, kanisa limejaa, na nilikuwa nimeshapata jibu. Nilimwambia motar wangu, twende Kambove, upesi.

Nyinyi mnaosoma mmeshaelewa. Najua. Na mimi nimelala na jina hilo masikioni maisha yangu yote, asubuhi ileile nimelipigia kelele, na nilipolisikia kwa mtu mwingine sikulitambua.

Kambove, njia isiyokuwa yetu

Njia hiyo ilituchukua zaidi ya saa moja. Kila kona nilitazama kwenye majani ya pembeni, nikiogopa nitakachokiona. Nilimfikiria amelala mahali, mdomo umepinda, hakuna mtu wa kumwita kwa jina. Nilifikiria pia nitamwambia nini baba yangu. Niliogopa, ndugu zangu, niliogopa, na nilianza kusali kwa sauti huku motar akidhani namsemesha yeye.

"Unasema nini, papa?"

"Endesha tu!"

Kambove watu walikuwa wamevaa nguo mpya, wanatembeleana. Motar wa kofia nyekundu nilimkuta kwenye kituo cha pikipiki, anakula mkate. Nilimshika ukosi kabla hajameza.

"Nkambo yangu iko wapi?"

"Acha, papa, acha! Mama alikatala!"

"Alikatala nini?"

"Kupanda! Tulikungojea, tukakungojea, haufiki. Nikamuambia, mama, twende, nitakufikisha Kakanda. Anasema, siwezi kuacha bwana yangu mu njia. Nikauliza, bwana yako ni nani? Anasema, ni ule wa pikipiki ya nyuma. Nikacheka! Nikasema, mama, ule ni mutoto."

Nilimwachia ukosi.

"Anasema, ni bwana yangu. Lakini usimuambie nimemuita vile, atasirika." Alipangusa makombo mdomoni. "Nilimuacha na bamama ba kanisa, papa. Njo nikapata kliyenti wa huku. Ni Noeli, minye pia niko na watoto."

Nilikaa chini palepale, kwenye vumbi lililogeuka tope. Alikuwa ndani ya kanisa lile. Nilisimama hatua ishirini kutoka kwake na nikasema kwa mdomo wangu kwamba hana bwana.

Kurudi

Tulirudi na mvua. Saa nane ilipita tukiwa bado njiani. Tulipofika njia panda kanisa lilikuwa limefungwa, na uwanja mtupu. Mama Chola peke yake alikuwa chini ya bati lake, anafunika uyoga.

"Mama! Ule muzee anayengojea bwana yake, iko wapi?"

Alinitazama kutoka viatu mpaka kichwa. "Ni weye bwana?"

"Ni minye."

"Kumbe!" Sijui alitaka kucheka au kunipiga. "Kitenge yake ilikuwa mayi na matope tupu, hata rangi haikuonekana, nikamuazima yangu. Tulimupa chai. Misa ilipoisha alisema umekawia sana, pikipiki imekuangusha. Tulimukataza. Anasema anarudi ku barieri kukutafuta."

"Na nini?"

"Na miguu."

Na miguu, kwenye mvua ile, barabara ya malori. Sijui nilipandaje pikipiki. Waya wa mnyororo ulikuwa unalia, motar ananiambia tutaanguka, mimi namsukuma mgongoni. Kila lori lililotupita lilinitia baridi.

Tulimkuta si mbali. Kwa saa moja na zaidi alikuwa ametembea umbali ambao mimi naumaliza kwa dakika kumi na tano. Wepesi wangu ulinipeleka Kambove, na uzito wa miguu yake, ule nilioutukana asubuhi, ndio ulionifanya nimpate. Alikuwa katikati ya matope, kitenge cha Mama Chola juu ya kichwa, viatu vyake vizuri vya Noeli mkononi ili visiharibike, mkono mwingine una fimbo aliyoiokota. Alikuwa anaita. Sauti yake ilikuwa imeshakauka, lakini alikuwa anaita: Kalenga! Kalenga!

Niliruka kabla pikipiki haijasimama. Aliniona, akanishika uso kwa vidole vya baridi, akanigeuza kichwa huku na huku akitafuta damu.

"Uko muzima? Haukuumia?"

"Niko muzima, Nkambo."

"Ulikula?"

Nililia. Nasema wazi, nililia mbele ya motar, na sikujali. Nilimwomba msamaha, maneno hayakuja sawasawa, nikasema tu, unisamehe, unisamehe. Yeye alikuwa anapangusa tope kwenye shati langu. Nilitoa dawa, nikampa na maji ya chupa, akanywa. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Nilimvisha koti langu.

"Ninataka kuenda pa inje," akasema, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba kitu kikubwa.

Nilifungua kitenge, nikasimama nacho kwenye mvua. Motar alipiga honi. Nilimwambia akipiga tena ataondoka bila malipo na bila meno. Nkambo alichukua wakati wake.

Kakanda

Tulifika kabla ya giza, watatu kwenye pikipiki moja, yeye katikati. Ukoo mzima ulikuwa barazani. Tonton Banza alisimama. Ni mtu mrefu, amezeekea kazini kwenye machimbo, na akikasirika haongezi sauti.

"Kalenga. Tunakungojea tangu jana. Mama huku ndani hakukula, anasikiliza mulango tu. Ni nini ilipita?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeshajiandaa njia yote. Nkambo aliniwahi.

"Banza, usimulaumu. Ni minye. Niko muzito, nilisimamisha batu njia yote. Nilimuchosha sana."

Tonton Banza alitikisa kichwa, akamwangalia kwa huruma. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili, mbele ya watu wote.

"Asante, mutoto yangu. Bajeune, vijana ya leo, habawezi. Weye uko na uvumilivu."

Na mimi nikasema: "Haina shida, tonton."

Hivyo tu. Haina shida.

Nkambo aliingia ndani. Alipanda kitandani na miguu yake ya tope, hakuna aliyethubutu kumzuia, akalala ubavuni mwa dada yake. Yaya Ngoie macho hayaoni vizuri tena. Alimpapasa uso, masikio, akafika shingoni.

"Mujinga, umezeeka."

"Na weye je?"

Walicheka mpaka wakakohoa. Baada ya nusu saa walikuwa wanagombana, kuhusu nani kati yao alivunja chungu cha mama yao walipokuwa wasichana. Nilikaa Kakanda siku nne. Mbuzi aliliwa bila mimi na mke wangu bado ananinunia. Asubuhi niliwapelekea chai, jioni niliwatoa nje kuona watu wakipita, mmoja mmoja, mkono kwa mkono, nikajifunza kwamba kutoka kitanda hadi mlango ni safari inayotosha kwa siku. Yaya Ngoie alianza kula.

Tulipoondoka, Tonton Banza alinipa kuku. Jogoo mkubwa, mwekundu. Alisema ni kwa ajili ya uvumilivu wangu, na nikampokea. Huyo ndiye kuku wa Bonne Année. Wengi wenu mlimla, na Dede mwenzenu alitafuna mpaka mifupa.

Jana jioni nilimsomea Nkambo karatasi hizi kabla ya kuwapa nyinyi. Alicheka pale pa mlinzi na samaki. Pale pa barieri alirekebisha kitambaa chake cha kichwa. Nilipofika kwa Tonton Banza na mkono wangu kushikwa, aliinua kidole.

"Ile utoshe, usiiache mu karatasi," akasema. "Bataona uko mubaya."

Sikuiondoa. Mkimaliza kusoma mnirudishie karatasi, msizitie mafuta. Kesho kuna motoka ya Kakanda, nampelekea Tonton Banza azisome mwenyewe.